Komisyo ya Kuku na Mayai ya Rangi

Jumatatu, tarehe 13 Oktoba

Katika mji huu wa Goma viko vitu viwili tu vinavyosikilizwa hata vikinyamaza: mlima wa moto na mimi. Mlima umenyamaza tangu asubuhi. Kwa hiyo familia imekuja kwangu.

Dada yangu Nshobole alifika kabla sijanawa uso. Macho mekundu. Wifi yake Élisabeth amepiga simu kutoka Bukavu. Amesikia kwamba Joviale, binti wa Nshobole na wa marehemu kaka yake, anashinda na telefoni mkononi akicheza mchezo wa kuku. Amesikia pia kwamba darasani mtoto hasemi neno. Akajumlisha hayo mawili. Anakuja na boti, na Jumapili baada ya misa familia itaketi. Ikionekana mchezo unamharibu mtoto, ataondoka naye Bukavu akamlee mwenyewe.

Joviale ana miaka sita. Baba yake alikufa miaka miwili iliyopita, na tangu hapo mtoto anatumia maneno kama maji ya bidoni ya mwisho. Nshobole anauza unga wa mihogo kule soko la Birere, hurudi jioni. Mtoto akitoka shule anabaki na ile telefoni ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Sasa mama mtu anatetemeka. Akaniuliza nitasema nini siku hiyo, maana upande wa mama, mkubwa aliyebaki ni mimi, na kwenye kikao kama hicho neno la mjomba lina uzito.

Nilimwambia afute machozi. Sitasema neno. Nitaleta rapoti! Neno husemwa na kila mtu. Rapoti ina kurasa.

Saa nne niliunda Komisyo ya Kuchunguza Mchezo wa Kuku na Maendeleo ya Mtoto. Nilijichagua rais bila mpinzani. Jirani yangu Adalbert, aliyekuwa sekretari wa shule na ambaye hajakubali kusahau, alisema kutoka ng'ambo ya ukuta wa mawe kwamba komisyo huwa na watu watatu angalau. Nilimjibu kwamba mimi nikifikiri, nafikiri kwa watu watatu. Akasema ndiyo maana hamsikilizani humo ndani.

Wivu.

Jumanne, tarehe 14 Oktoba

Njia imepatikana.

Nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari, na ningeendelea kama walimu wasingeanza kuniogopa. Lakini uchunguzi hautaki diploma, unataka macho. Kwenye kituo cha afya, mama akipeleka mtoto, hakuna anayebishana kama mtoto anaendelea ama haendelei. Wanampima! Wanamfunga mkononi ule utepe wa rangi: kijani ni salama, manjano ni angalisho, nyekundu ni hatari. Wanamtundika kwenye mizani. Wanaandika kwenye kadi. Mstari ukipanda, mtoto anaendelea. Basi.

Nshobole aliwahi kujitolea kwenye kituo hicho, na utepe mmoja uko kwenye droo yake. Alisema ni wa watoto wa chini ya miaka mitano, tena unapima njaa, haupimi akili. Nilimuuliza akili inakaa wapi kama si mwilini. Akanirushia utepe. Joviale: kijani.

Mizani ni ya Janvier, muuza maharagwe wa Birere. Nilihitaji pia mtoto asiyecheza, wa kulinganisha naye. Landry, mtoto wa Adalbert, hajawahi kushika telefoni. Nilimwambia Adalbert kwamba kuna kocha anatafuta makipa wadogo. Huo si uongo. Mahali fulani duniani kuna kocha kama huyo.

Janvier alikuwa kwa nyuma, kwenye mizani ile inayopokea magunia. Aliwatundika watoto kwa mkanda wangu, ikabidi nishike suruali kwa mkono mmoja na niandike kwa mwingine. Joviale, kilo kumi na nane. Landry, kilo ishirini na mbili. Wanawake wa soko wakaanza. Papa Fortunat, kilo ni ngapi? Unauza na mifupa? Landry alilia. Joviale hakulia. Alizunguka polepole kwenye ndoano akiangalia soko lote, kama mtu anayekagua mali yake.

Niliandika: utulivu.

Jumatano, tarehe 15 Oktoba

Leo nimeuona mchezo wenyewe. Kuku anakaa juu. Anataga mayai ya rangi, yanaanguka. Chini kuna vikapu. Unasukuma kikapu kwa kidole ili yai jekundu liingie kikapu chekundu, la manjano kwenye cha manjano. Matatu yakipasuka, kuku analia na unaanza upya. Ukiyapokea yote unapanda nivo, yaani ngazi ya juu yake, na kuku anaongeza haraka. Ndiyo yote! Mimi nilitegemea vita, magari, angalau mwizi mmoja. Kumbe kuku tu. Kuku mmoja anataka kumtoa mtoto kwa mama yake.

Nilimpangia Joviale ratiba: saa tatu za mchezo bila kupumzika, ili matokeo yaonekane haraka. Alicheza dakika ishirini. Akaweka telefoni chini, akaenda kupanga makaa. Makubwa upande wa ukuta, ya katikati karibu na mlango, madogo kwenye sahani, vumbi kwenye kopo. Hakuna aliyemtuma. Nilimwambia arudi kazini, Komisyo inamngoja. Akaweka kaa la mwisho mahali pake.

"Tonton," akasema, maana ndivyo anavyoniita mimi mjomba wake, "kuku naye anachokaka."

Hayo ndiyo maneno yake yote ya leo. Niliandika: mtoto ni mvivu. Kisha nikafuta, nikaandika: mtoto ana huruma kwa mifugo. Ya makaa sikuyaandika, hayahusiani na uchunguzi.

Saa mbili na dakika arobaini zilizobaki nilizicheza mimi, hesabu ya Komisyo itimie.

Alhamisi, tarehe 16 Oktoba

Siku mbaya.

Landry amemwambia baba yake habari za ndoano. Adalbert aliingia uani bila hodi. Eti mutoto wangu umemutundika kama mbuzi? Nilimweleza kwa upole kwamba mwaka 2002, lava ilipokata mji, mimi niliivuka ikiwa bado moto, friji mgongoni na mama mkwe juu ya friji, na mama mkwe hakulalamika hata mara moja. Sembuse mtoto wa kiume, kwa ndoano ya dakika mbili! Adalbert akasema mwaka ule mama mkwe wangu alikuwa Uvira. Mtu huyu anakumbuka mambo yasiyomhusu.

Halafu akasema kwa sauti, ili avenyu yote isikie, kwamba maendeleo ya mtoto yanapimwa mdomoni, hayapimwi kwenye duka la maharagwe. Akamwita Landry, akamsimamisha juu ya jiwe. Landry alitaja mikoa yote ishirini na sita ya nchi bila kumeza mate. Watu wakapiga makofi. Waliotoka kuchota maji walitua bidoni zao.

Adalbert akauliza: na yule wa kuku?

Rais wa Komisyo angefanya nini? Nilimleta Joviale, nikamsimamisha juu ya jiwe lile lile. Nilimwambia aseme chochote. Mikoa. Siku za juma. Hata rangi za mayai! Watu wakangoja. Mtu wa moto, pikipiki ya kubeba abiria, alizima injini ili asikie vizuri. Joviale aliangalia miguu yake. Landry akamnong'oneza, "Sema tu Nord-Kivu, moja inatosha." Hakusema.

Wakati huo huo Nshobole akatokea kutoka sokoni, beseni kichwani. Alitua beseni, akamshusha mtoto, akaingia naye ndani bila kuniangalia. Baadaye aliniambia kwa sauti ya chini kwamba Jumapili shangazi atasikia vile mtoto alisimamishwa mbele ya mtaa mzima akanyamaza, na atasikia pia nani alimsimamisha.

"Kaka, weye uko upande wa nani?"

Nilimjibu kwamba Komisyo haina upande. Alitikisa kichwa, akaanza kuchambua mboga.

Sikula vizuri. Maharagwe yalikuwa magumu.

Ijumaa, tarehe 17 Oktoba

Ushindi!

Nilimpeleka Joviale tena kwa Janvier. Lori la Masisi lilikuwa limefika, kwa nyuma kumejaa wakulima na magunia, kwa hiyo alimpima kwa mbele, kwenye mizani ya wateja. Kilo ishirini! Siku tatu za kuku, kilo mbili! Nilimwambia Janvier arudie. Akarudia. Ishirini. Nilitaka kumkumbatia lakini nilikuwa nimeshika suruali.

Hakuna dawa katika mji huu inayoongeza mtoto kilo mbili kwa siku tatu. Nimehesabu: akiendelea hivi, Krismasi atakuwa na kilo zaidi ya sitini. Hapo itabidi tumpunguzie muda wa mchezo. Nimeliweka katika rapoti kama angalisho.

Rapoti ina kurasa nne. Nimepitia kwa yule mchonga mihuri karibu na stendi ya moto, akanichongea muhuri wa duara wenye jina la Komisyo na kuku katikati. Kuku ametoka kama njiwa mgonjwa. Hata hivyo karatasi yenye muhuri ni karatasi nyingine kabisa. Nilipiga kila ukurasa mara mbili.

Jioni nilimwonyesha Nshobole. Alisoma ukurasa wa kwanza amesimama. Ukurasa wa pili akakaa. Sikujua kama ni furaha.

Jumamosi, tarehe 18 Oktoba

Nimemkuta Nshobole anakunja nguo za Joviale. Sketi ya shule. Sweta la baridi. Magauni mawili. Picha ya baba yake ameizungushia kitambaa. Vyote ndani ya mfuko wa buluu, mfuko ukawekwa karibu na mlango.

Nilimuuliza anafanya nini. Akasema kama ni kwenda, hataki mtoto aende huku watu wanatafuta soksi na kulia. Alisema hivyo bila kulia. Joviale alikuwa amekaa kwenye kibao, anamwangalia mama yake akikunja. Kila nguo ikiingia mfukoni, kichwa chake kinaifuata.

Nshobole akaniomba jambo. Kesho nisisome karatasi. Nisimame tu, niseme kwamba mimi mjomba wake ninataka mtoto abaki. Basi.

Nilimweleza kwamba kutaka si ushahidi. Wote wanataka. Élisabeth naye anataka! Tofauti yetu ni kilo mbili.

Nikatoka nje kidogo. Vumbi ni jingi leo huku mtaani kwetu Mabanga, linaingia machoni.

Jumapili, tarehe 19 Oktoba

Naandika yote kama yalivyotokea, kwa ajili ya kumbukumbu ya nchi.

Élisabeth alifika baada ya misa. Mwanamke mrefu, miwani, kitenge cha kijani. Nilitegemea aje na hasira. Alikuja na mkungu wa ndizi na viatu vipya vya Joviale, vimefungwa kwenye gazeti. Alimshika mtoto mashavu, akamwangalia kwa muda mrefu mpaka sote tukaangalia pembeni. Anafanana na kaka yake, akasema.

Tuliketi. Adalbert hakualikwa lakini alikuja na kiti chake. Élisabeth akasema wazi: hana ugomvi na Nshobole. Lakini kaka yake aliacha mtoto mmoja tu duniani, na yeye hawezi kukaa Bukavu akisikia kwamba mtoto huyo analelewa na telefoni. Nshobole alisema yuko sokoni ili mtoto ale. Wote wakanigeukia.

Nilisimama. Nilisoma kurasa nne. Nilipofika kwenye kilo mbili nilinyamaza kidogo ili watu wapate nafasi ya kushangaa.

Élisabeth alikuwa amefunga macho. Akauliza kilo za Jumanne zilipimwa wapi. Kwa Janvier, kwa nyuma. Na za Ijumaa? Kwa Janvier, kwa mbele. Akafungua macho. Hapo ndipo nilikumbuka kwamba huyu mama anauza maharagwe Bukavu kwa miaka ishirini.

"Fortunat," akasema, "mizani ya nyuma ni ya kununulia kwa mulimaji. Inapunguza. Ya mbele ni ya kuuzia mama wa nyumba. Inaongeza. Mimi mwenyewe nikitoka nyuma nikienda mbele, ninanenepa kilo tano kwa hatua kumi."

Adalbert alicheka mpaka kiti kikalalamika. Wengine wakafuata. Nshobole hakucheka. Alikuwa anaangalia mfuko wa buluu.

Nilitaka kueleza habari ya muhuri, lakini Élisabeth aliinua mkono. "Leteni ile kuku niione."

Akapewa telefoni. Akashusha miwani. Mayai matatu yakapasuka, kuku akalia. Akaanza tena. Matatu. Akaanza tena, midomo imebana, kama mtu anayebishana na mteja. Matatu. Joviale alikuwa ameegemea magoti ya mama yake. Akasimama. Akaenda polepole mpaka pembeni ya kiti cha shangazi yake.

"Shangazi, usiangalie kidole."

Watu wakavuta viti karibu. Hata Adalbert.

"Angalia yai. Kidole kitafuata chenyewe."

Matatu yakapasuka tena. Mimi ningemnyang'anya telefoni nimwonyeshe. Yeye alifunga mikono nyuma ya mgongo. "Si mbaya," akasema. "Ile ya manjano inakujaka polepole, uingojee. Nyekundu njo yenye mbio." Élisabeth akauliza, bila kuinua macho, nani alimfundisha yeye. Joviale akajibu kwamba hakuna mutu, mara ya kwanza alivunja mengi sana, kuku alilia siku nzima, halafu akajua. Na shangazi naye atajua. Asikimbie tu.

Maneno mengi kuliko tuliyoyasikia mwezi mzima. Nshobole alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge.

Yai la kwanza likaingia. La pili. La sita. Élisabeth akapiga kelele kama msichana. Fufu ilipoa mezani wakiwa bado wanaendelea.

Mwishoni aliweka telefoni chini, akavua miwani, akaipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akasema hajui kama mchezo ndio uliomfundisha mtoto kungoja, ama alizaliwa nako. Kaka yake naye alikuwa hivyo. Alimfundisha yeye baiskeli bila kumshika, alitembea pembeni tu, mikono nyuma. Kwa hiyo hawezi kuusifu mchezo, na hawezi kuulaumu. Ila mutoto aliyepotea hafundishi mutu mukubwa. Shida ni moja: akicheza peke yake, ananyamaza pamoja na telefoni. Akicheza na mutu, anasema. Basi mutu akae naye. Saa moja kwa siku, si zaidi, na mutu huyo awe na nafasi.

Wote wakaniangalia tena. Ni kweli, katika familia hii mwenye nafasi ni mimi.

Élisabeth akapiga goti, akamvalisha Joviale viatu vipya. Akasema vitembee hapa hapa Goma, na likizo vimtembelee Bukavu. Nshobole alikwenda mlangoni, akachukua mfuko, akaanza kutoa nguo moja moja. Picha ndiyo ilitoka kwanza.

Nami nilisimama nikawashukuru wote kwa kupokea rapoti yangu.

Jumatatu, tarehe 20 Oktoba

Nimemsindikiza Élisabeth bandarini. Nilimwambia bila Komisyo yangu mambo yangeharibika. Akasema anaamini kabisa kwamba yangeharibika vingine. Nilipokea shukrani hiyo.

Niliporudi nilimtangazia Adalbert ushindi. Akasema alikuwepo. Nikamwambia kuwepo si kuelewa.

Leo hii nimeunda Komisyo ya pili: Je, kukariri mikoa kunadumaza mtoto? Landry atapimwa Jumatano. Safari hii najua kazi. Nitaanza na mizani ya mbele, kisha Jumamosi ile ya nyuma, na dunia yote itaona vile anavyopungua. Yule mchonga mihuri nimeshamwagiza. Kuku atoke, mkoa uingie.

Saa nane nimekaa na Joviale, saa moja kamili, kama kikao kilivyoamua. Nilimwambia akiwa na swali aulize. Hakuwa na swali.

Shajara hii haisomwi na mtu, kwa hiyo kuna jambo dogo naweza kuliandika. Katika ule mchezo sijapita nivo ya pili. Jumatano, saa zile mbili na dakika arobaini, nilivunja mayai tu. Tangu siku hiyo, kila mtoto akitoka shule, namwita nyuma ya nyumba, ananipitisha, nami nashika telefoni kioo kikielekea ukutani, ili Adalbert akichungulia aone nivo ya tano. Kesho yake natia kidole changu, narudi ya pili. Leo pia. Saa moja nzima. Mtoto alinishika goti, akaniambia si neno.

Jana, shangazi aliposema anamwacha, watu waliniona nafuta macho wakasema tazama mjomba anavyompenda. Niliwaacha waseme. Nilichokuwa nafikiria ni hiki: mtoto huyu akipanda boti, mimi nabaki nivo ya pili mpaka siku ya kuzikwa.